Kliniki ya ngozi pale Mwanga: nendeni, ila msijisugue kwanza

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa makusudi, na sababu yake mtaiona nikifika kwenye habari za shemeji yangu. Jina la kliniki siliandiki kwa kuwa hawajanituma niwatangazie, lakini Kigoma hii haina kliniki za ngozi za kukuchanganya. Ni chumba kimoja na sebule, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, unashuka kidogo ukitokea soko la Mwanga. Bango lao dogo limeshapauka. Mwambie bodaboda "kwa yule daktari wa ngozi", atakufikisha.

Mimi nauza migebuka na dagaa wabichi mwalo wa Kibirizi. Saa kumi alfajiri mitumbwi inapoanza kurudi niko ufukweni tayari, na kuanzia hapo ni maji tu: maji ya ziwa, maji ya barafu inayoyeyuka kwenye makasha, maji ya samaki yenyewe. Navaa gambuti. Gambuti ni nzuri kwa kuzuia maji yasiingie, ila yakishaingia ndiyo hayatoki, na jasho lako linajiunga humohumo. Nazivua saa tano asubuhi, wakati mwingine saa saba mzigo ukichelewa kuchukuliwa.

Nyayo zangu zilianza kuwa nyeupe na kuvimba, hasa pale ninapokanyagia: kisigino, na huku mbele chini ya vidole. Zikikauka, weupe unaondoka vinabaki vishimo. Vishimo vidogo vidogo vingi, vingine vimeungana vikawa kidimbwi. Ukiutazama unyayo unaona makopa yaliyokaliwa na dumuzi. Hauwashi. Hauumi pia, labda nikikanyaga changarawe. Lakini harufu, jamani! Sisi watu wa Ujiji kuvua viatu mlangoni ni jambo la kila siku, iwe msibani, iwe kwenye maulidi, hata ukienda kumdai mtu hela yako. Ikafika mahali nikienda msibani naomba kazi ya jikoni. Kwenye mafiga hakuna anayevua viatu. Watu wakanisifu kwa kujituma.

Maduka ya dawa nimeyazunguka. Ukitamka "miguu" tu, hata hawajaiona, unapewa tyubu ya fangasi. Duka moja likanipa tyubu wanayoiita tatu kwa moja, na muuzaji akaapa kwamba hiyo ni bomu. Ndani yake mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na stiroidi. Harufu ilipungua kidogo ikarudi palepale, na ngozi ya juu ya mguu, ambayo haikuwa na tatizo lolote, ikaanza kuwa nyororo na kung'aa isivyo kawaida. Hiyo ndiyo kazi ya stiroidi ukiipaka muda mrefu bila mtu kukusimamia: inaipunguza ngozi unene. Yule muuzaji bado yupo na bado anaiuza, na akiniona ananisalimia kwa furaha.

Sasa kliniki yenyewe. Mhudumu ni afisa tabibu, mtu wa makamo, mpole, mwenye kuongea taratibu. Amesomea ngozi Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha kanda ambacho tangu miaka ya 1990 kinachukua maafisa tabibu, kinawafundisha magonjwa ya ngozi, kisha wanarudi kufanya kazi mikoani. Kwa sisi wa mwisho wa reli, kupata mtu wa namna hiyo bila kupanda treni ni neema, na kuna watu wa mtaani kwangu bado hawajui kwamba yupo.

Jambo la kwanza alilofanya ni kunitaka nivue gambuti mbele yake. Nikamwambia, mwanangu, utajuta. Akacheka: "Mama, harufu nayo ni kipimo." Akavaa glovu, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akamulika tochi kutokea pembeni ili vishimo vitoe kivuli. Kisha akaniwekea beseni la maji ya kawaida, nikatumbukiza miguu, akaenda kumhudumia mtoto mwenye upele. Aliporudi nikatoa miguu, na kumbe lile beseni lilikuwa na kazi: ngozi ikilowa inavimba, na vishimo ambavyo vilikuwa vimejificha vinajitokeza vyote. Nilikuwa na vingi kuliko nilivyodhani, hadi pembeni mwa kidole gumba.

Hakuishia hapo. Akakwangua ngozi kidogo kwa ubapa wa kisu butu, akaiweka kwenye kioo, akadondoshea dawa ya potasiamu inayoyeyusha ngozi na kuiacha fangasi kama ipo, akaiweka chini ya hadubini. Akaniita na mimi nichungulie. Fangasi, alisema, ingeonekana nyuzi nyuzi zenye matawi. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Hela yote ile ya tyubu, na adui hayupo!

Halafu likaja swali ambalo hakuna duka lililowahi kuniuliza: kuna wakati wowote miguu ilikaa vizuri? Upo. Ziwa lilipofungwa mwaka 2024, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi ukasimama ili samaki wazaliane, na mimi nikahamia kuuza vitenge nikiwa na ndala siku nzima. Nyayo zikawa safi kabisa. Wakati huo muuzaji wa bomu alijipa sifa zote yeye. Ziwa likafunguliwa, nikarudi kwenye gambuti, na vishimo vikarudi. Tabibu alitikisa kichwa akaandika kwenye kadi. Akasema nikimpa habari hiyo peke yake, bila hata kuona mguu, angeshakisia nusu.

Maelezo yake nayarudia kwa sababu ndiyo niliyoyalipia, na nadhani yanawahusu wengi pale mwaloni. Wanaokula ngozi yangu ni bakteria, na si wageni. Wapo juu ya ngozi ya kila mtu, wako na wangu, na ngozi ikiwa kavu wanaishi tu bila kumdhuru mtu. Kuna wa jamii ya korinebakteria, na kuna mwingine ambaye jina lake nililiomba aniandikie, Kytococcus sedentarius. Ukiwafungia ndani ya mpira pamoja na joto na maji kwa saa nyingi, wanazaliana kupita kiasi, wanatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha lile tabaka gumu la juu la unyayo. Ndipo vinapotokea vishimo. Harufu nayo inatoka humohumo, kwenye gesi zenye salfa wanazozitoa wakiwa kazini. Kwa hiyo kujisugua kwa jiwe, ambako mama zetu wangetushauri, kunaondoa ngozi iliyokufa na kuwaacha wenyewe wakiendelea.

Ugonjwa huu si wa Kibirizi peke yake. Daktari wa Kiitaliano aitwaye Castellani aliueleza mwaka 1910 akiwa Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka, na askari wa Marekani waliopigana Vietnam nao ulipatikana kwao, buti zimelowa na hakuna pa kuzianika. Tabibu akaniambia wapo hata wanaomtaja bakteria mwingine katika kesi hii, Dermatophilus congolensis, aliyejulikana kwanza kwa ng'ombe wa Kongo mwaka 1915. Nikasema basi huyo kavuka na boti ya Kalemie bila kugonga pasi. Hakucheka sana, nadhani utani wa Kongo ameshausikia kwa kila mgonjwa.

Dawa niliyopewa ni klindamisini ya maji, ya kupaka asubuhi na jioni kwenye nyayo zilizokauka. Zilizokauka, alilirudia hilo. Na masharti: jozi mbili za gambuti, moja ikivaliwa nyingine iwe inakauka ikiwa imepinduliwa juu ya kijiti, soksi za pamba, zibadilishwe katikati ya kazi, na mzigo ukiisha miguu itoke hewani hapohapo, si mpaka nifike Ujiji. Sharti la jozi mbili lilinikera, kwa sababu gambuti nzuri si bei ya kuchezea. Nikanunua. Harufu ndiyo iliyotangulia kuondoka, vishimo vikafuata kabla mwezi haujaisha. Sasa hivi dawa siipaki, masharti nayafuata, na nikizembea wiki ya mzigo mwingi naona weupe unaanza kurudi kwenye kisigino.

Gharama: kumuona shilingi 15,000, kipimo cha hadubini 5,000, dawa 9,000. Lipa namba ipo, bima hawapokei. Kwa mtu wa mwaloni hiyo si hela ndogo, lakini ukijumlisha tyubu zangu za nyuma utaona nilikuwa nachangia harusi isiyonihusu.

Nije kwa shemeji. Huyu ni mume wa dada yangu, dereva wa lori, mnene wa kukaa. Alikuwa na mabaka ya kahawia kwenye kinena, pande zote mbili, makavu yenye magamba membamba, yasiyowasha sana. Naye alishapewa tyubu zote mnazozijua. Nikampigia debe kliniki hii mpaka akakubali. Sasa mwanaume wa heshima anayekwenda kuonyesha kinena chake kwa daktari atafanya nini? Ataoga. Shemeji alioga kwa dodoki na sabuni ya dawa, akajisugua, akajipaka na poda juu.

Pale kliniki wana taa ya Wood, ile inayotoa mwanga wa zambarau usiokolea, imepewa jina la mwanafizikia Mmarekani Robert Wood. Wanafunga dirisha kwa kitenge kizito, wanazima balbu, wanamulika. Yale mabaka ya shemeji kama yanatokana na korinebakteria, kwa huku ni yule minutissimum, yanatakiwa yawake wekundu unaokaribia rangi ya machungwa. Tabibu akamulika. Giza. Akamulika tena upande wa pili. Giza. Ndipo akauliza: "Kaka, umeoga leo?" Shemeji akajibu kwa fahari kwamba ameoga vizuri sana.

Kumbe wekundu ule unatokana na porfirini, kitu ambacho bakteria hao wanakitengeneza, na porfirini inayeyuka kwenye maji. Ukijisugua umefuta ushahidi. Bakteria wapo, taa haioni kitu. Akaambiwa arudi siku nyingine bila kupitisha maji hapo, jambo ambalo kwa dereva wa lori wa Kigoma na joto hili ni mtihani na adhabu kwa mke wake. Alirudi hivyo hivyo, na safari hiyo pakawaka pote, mwenyewe aliinama akaona. Aliyoyasema siyaandiki hapa.

Lakini akalipa tena 15,000. Hapo ndipo nyota ya tano ilipoanguka. Mimi mwenyewe nilipiga simu mapokezi kumuwekea nafasi, nikataja kabisa kwamba ni mabaka ya kinena. Dada aliyepokea angesema neno moja tu, "asijisugue", tungemaliza siku ileile. Na kama hawakusema, basi marudio yasilipiwe. Nililalamika kwa tabibu, akakubali kuwa nina haki, akasema wataandika tangazo mlangoni. Nilipopita mara ya mwisho tangazo halikuwepo. Tangazo la marufuku kutema mate lipo, kubwa, la rangi nyekundu.

Ya pongezi katika mkasa huohuo ni kwamba hakumaliza kwa kumpa dawa ya kupaka ya asidi fusidiki na kumuaga. Alimtoboa kidole akapima sukari, kwa sababu mabaka ya aina hii yanawapenda watu wenye kisukari na watu wanene wanaotoka jasho. Sukari ilikuwa juu. Akaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Maweni, na sasa anahudhuria. Dada yangu anasema kinena kimemwokoa mumewe. Mabaka yenyewe yamebaki alama hafifu.

Kijana wangu wa kubeba makasha naye nilimpeleka, fulana zake zote zilikuwa na njano kwapani na nywele za kwapa zimegandwa na kitu cha njano njano. Korinebakteria tena, safari hii wamejijengea kwenye nywele. Tiba? Nyoa, oga kwa sabuni, jikaushe. Hakuuziwa kitu chochote. Nasema hili kwa wale wanaodhani kila daktari binafsi anawinda mfuko wako.

Kwenye benchi la kusubiri unasikia mengi, na hili nitalirudia kwenye kasoro. Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, nikampa shikamoo tukaanza kuzungumza. Ana chuma pajani tangu agongwe na pikipiki, na pembeni ya kovu pana kitundu kinachotoa majimaji, kinafunga, kinafunguka. Alikuja akitaka dawa ya kupaka ya nguvu. Alikataliwa, na nilisikia kila neno kwa sababu pazia si ukuta. Tabibu alimweleza kwamba kuna bakteria waitwao stafilokokasi, wapo wakali, na kuna wapole, epidermidis, ambao kila mmoja wetu anatembea nao kwenye ngozi bila kujua. Hao wapole wakipata chuma au plastiki ndani ya mwili wanakigandia, wanajijengea utando juu yake, na ndani ya utando huo dawa haiwafikii vizuri wala kinga ya mwili haiwawezi. Dawa ya kupaka nje ya ngozi haina inachofanya. Mara nyingine inabidi chuma chenyewe kisafishwe au kitolewe.

Mzee akauliza kwa nini asichukue usaha hapohapo apeleke maabara wauoteshe. Jibu lilinipendeza: ukichovya pamba pale mlangoni mwa kitundu utaotesha bakteria wa ngozi ya nje, na hutajua kama ndio walioko kwenye chuma au ni wapita njia. Wapasuaji wanachukua vipande kutoka ndani, zaidi ya kimoja, na wakiota walewale kwenye vipande kadhaa ndipo wanaaminika. Akampa barua ya rufaa na kumshauri asimeze antibayotiki za dukani kabla ya kupimwa, maana zinaweza kuficha majibu. Mzee alitoka amenuna. Mimi nikasema kimoyomoyo, huyu tabibu anajua mwisho wa uwezo wake.

Kasoro nyingine sasa, maana msidhani nimepewa hela. Foleni haina namba. Mnaulizana "nani wa mwisho?", mtu anatoka Kasulu na basi la alfajiri anakuta watu wa Gungu wameweka kanga kwenye benchi wakaenda kunywa chai, na ugomvi unaanza. Benchi liko upande wa jua la asubuhi. Pazia nimeshalisema: habari za kinena cha mtu hazipaswi kufika kwenye benchi, na za shemeji zilifika, nilithibitisha kwa nyuso za watu. Hadubini inategemea umeme, ukikatika unasubiri au unarudi kesho, ingawa kwa hilo hawakutoza mara mbili.

Anakuwepo Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa mpaka adhuhuri. Ukifika kabla ya saa mbili asubuhi una nafuu. Tyubu zote ulizokwisha kupaka ziweke kwenye mfuko uende nazo, atazisoma moja moja. Kama tatizo ni mabaka ya kinena, kwapa au katikati ya vidole, usipitishe maji hapo siku hiyo, na usipake kitu. Kama ni nyayo, nenda na viatu vyenyewe vya kazini. Gambuti zangu alizitia mkono ndani, akazipindua juu chini, na maji ya Kibirizi yakamwagika kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Anayepiga deki ni yuleyule dada wa mapokezi, kwa hiyo akikununia usishangae.